Akianguka, Nani Atamwinua? Mwongozo Kamili wa Kupima Msaada wa Kijamii kwa Wagonjwa, Wanafunzi na Familia za Nairobi

Watu wawili wanaweza kukaa ploti moja Umoja, mlango kwa mlango. Wa kwanza ana ndugu kadhaa hapa mjini, wa pili ndugu zake wote wako ushago. Waulize nani atawajia wakilazwa hospitalini usiku wa leo. Huenda yule wa pili akataja majina matatu papo hapo, na wa kwanza akanyamaza. Tunapopima msaada wa kijamii jinsi mtu mwenyewe anavyouona, tunapima jambo hilo hasa: imani yake kwamba akianguka kuna wa kumwinua. Hatuhesabu ndugu, wala hatujumlishi pesa alizotumiwa kwa M-Pesa mwezi uliopita.

Imani hiyo ina uzito wake. Mwaka 1985, Sheldon Cohen na Thomas Wills walipitia tafiti nyingi za wakati wao na kuonyesha kwamba mtu anayeamini msaada upo hukingwa kwa kiasi na makali ya msongo. Msaada uliokwisha kupokelewa ni habari nyingine, kwa sababu watu humiminika zaidi kwa aliyezidiwa. Ukipima msaada uliokwisha kupokelewa, unaweza kukuta waliosaidiwa sana ndio wanaoumia sana, ukafikia uamuzi wa makosa.

Nimeandika haya kwa nesi anayefanya tasnifu, mwalimu mshauri wa shule, mfanyakazi wa jamii na mwanafunzi wa saikolojia, yaani yeyote atakayeshika hojaji na kuketi na mtu. Ninalolisisitiza ni moja: alama ya jumla pekee haitoshi. Jua msaada unatoka wapi na unakosekana wapi, na uulize kwa namna itakayomwezesha mtu kukuambia ukweli.

Hatua ya kwanza: andika swali lako kwa sentensi moja

Kabla ya kutafuta hojaji, andika unataka kujua nini, kwa nani, ili ufanye nini. "Nataka kujua msaada wa kijamii wa wagonjwa wa figo" bado si swali. "Je, wagonjwa wanaosafishwa damu mara mbili kwa wiki wanaona familia, marafiki au mtu wao wa karibu ndiye tegemeo lao, na wanaoona hawana tegemeo hukosa kliniki zaidi?" Hilo ni swali. Linakuambia kipimo gani utumie, nani umhoji na rekodi gani nyingine uombe.

Hatua ya pili: chagua kipimo

Kipimo kinachotumika sana duniani ni kile kiitwacho kwa kifupi MSPSS (Multidimensional Scale of Perceived Social Support), kilichochapishwa mwaka 1988 na Gregory Zimet na wenzake. Walikijaribu kwanza kwa wanafunzi 275 wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Miaka miwili baadaye wakakijaribu kwa wajawazito, vijana wa umri wa shule na madaktari waliokuwa wakisomea utabibu wa watoto. Kina sentensi 12, na kila moja hujibiwa kwa namba kuanzia 1 hadi 7. Sentensi nne zinahusu familia, nne marafiki, na nne mtu mmoja wa pekee ambaye mhojiwa anamchagua mwenyewe moyoni. Kukitumia hulipi chochote, mradi uwataje waliokitunga. Karibu nasi, kimetafsiriwa na kujaribiwa kwa Kiganda nchini Uganda na kwa Kichewa nchini Malawi, kwa hiyo hutakuwa wa kwanza kukileta kwenye maisha ya Kiafrika.

Kama muda ni mfupi mno, mfano foleni ya kliniki ya wajawazito, kuna kipimo cha Oslo chenye maswali matatu tu. La kwanza linauliza una watu wangapi wa karibu unaoweza kuwategemea ukipatwa na shida kubwa, la pili watu wanajali kiasi gani mambo yako, la tatu ni rahisi kiasi gani kupata msaada wa vitendo kutoka kwa majirani. Alama huanzia 3 hadi 14: 3 hadi 8 ni msaada hafifu, 9 hadi 11 wa wastani, 12 hadi 14 thabiti. Napenda swali lile la majirani. Nairobi, anayekuitia bodaboda saa nane usiku mara nyingi ni jirani, na MSPSS haimpi nafasi yake.

Kwa wagonjwa wanaohitaji kusindikizwa, kupikiwa au kufuliwa, kipimo cha maswali 19 kilichotolewa na Sherbourne na Stewart mwaka 1991 kinafaa zaidi, maana kinatenganisha faraja ya moyo na msaada wa mikono. Usichanganye vipimo vitatu katika hojaji moja ati upate vyote. Mhojiwa huchoka, na aliyechoka hujibu ili uondoke.

Hatua ya tatu: ruhusa

Anza na kamati ya maadili iliyoidhinishwa, ya chuo au hospitali yako. Ukishapata barua yao, omba leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, halafu ruhusa ya kaunti na ya uongozi wa hospitali au shule yenyewe. Panga kwa miezi, si kwa wiki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Kwa hiyo hojaji ibebe namba badala ya jina, na orodha inayounganisha namba na majina ikae pengine, imefungwa. Kwa aliye chini ya miaka 18 unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe pia akubali. Mzazi akisema ndiyo na mtoto akasema hapana, jibu ni hapana.

Hatua ya nne: lugha, na hapa usiharakishe

Tafuta kwanza kama ipo tafsiri ya Kiswahili iliyokwisha kujaribiwa kwa watu wanaofanana na wako. Usipoipata, watu wawili watafsiri kila mmoja peke yake, wakae pamoja wapatane, kisha mtu wa tatu ambaye hajaiona hojaji ya asili airudishe kwenye Kiingereza. Linganisha. Kinachopotea njiani kitaonekana.

Baada ya hapo kaa na watu wachache wa aina utakayowahoji, umsomee kila mmoja sentensi moja moja, umuulize: umeelewa nini hapa, na umefikiria nani? Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayookoa utafiti. Msomee mama wa Kayole sentensi inayosema familia yake inajaribu kweli kumsaidia. Kabla hajakupa namba, atakuuliza: "Familia gani? Ya hapa kwangu ama ya nyumbani?" Ana haki ya kuuliza. Mume na watoto anaoishi nao chumba kimoja ni familia, na wazazi na dada zake walio Kakamega ni familia. Akimfikiria mume atasema 2, akimfikiria mama yake atasema 7. Amua mapema, uiandike kwenye maelezo ya mwanzo, na kila mhoji aisome vilevile. Mimi hupendelea kusema: "Familia ni wale wote unaowahesabu kuwa watu wako, wawe hapa Nairobi au nyumbani." Halafu mwishoni naongeza swali langu: uliwafikiria hasa wa wapi?

Yule "mtu wa pekee" naye ana kazi. Wengine humwelewa kuwa mpenzi, na binti wa kidato cha tatu ataona aibu kujibu mbele ya mwalimu. Wengine humtaja mchungaji, wengine Mungu. Eleza kwamba ni binadamu mmoja aliye hai, yeyote yule, ambaye mtu akiwa na shida humkimbilia, na mhojiwa hahitajiki kutaja jina lake. Swali la ziada, "Huyo mtu ni nani kwako?", likifuatwa na orodha fupi (mume au mke, mzazi, ndugu, rafiki, mtu wa kanisani au msikitini, mwingine), litakusaidia wakati wa kuchambua.

Jambo la tatu ni neno "msaada" lenyewe. Katika mitaa mingi hapa, mtu akija na karatasi akataja msaada, watu hudhani anaandikisha majina ya kugawiwa unga au pesa za mradi. Mwenye akili atajibu kwamba hana mtu kabisa, na hutamlaumu. Kwa hiyo katika utangulizi zungumzia watu wa kumshika mtu mkono wakati wa shida, na useme waziwazi: majibu yako hayatakuongezea wala kukupunguzia huduma yoyote, na hakuna kitu kinachogawiwa.

Kwa wanafunzi wa sekondari, andika Kiswahili chepesi cha kawaida. Usijitie Sheng. Sheng ya Dandora ya mwaka huu si ya Lang'ata, na hojaji yako itakuwa imezeeka kabla hujamaliza kuichapisha.

Hatua ya tano: watu wangapi

Ukitaka kukadiria asilimia ya watu wenye msaada hafifu, kwa usahihi wa asilimia 5 juu au chini na uhakika wa asilimia 95, kanuni ya Cochran ya kukokotoa idadi ya wahojiwa inakupa 385. Kama kliniki yako ina wagonjwa 300 tu kwa jumla, marekebisho ya idadi ndogo yanaishusha hadi 169. Ukitaka kuona kama msaada unaendana na kitu kingine, mfano alama za huzuni, na unatarajia uhusiano wa nguvu ya kati, yaani 0.3 kwenye mizani ya 0 hadi 1, watu 85 hivi wanatosha. Ongeza kidogo kwa watakaokataa au kuachia njiani.

Usimhoji aliye karibu na mlango tu. Chukua daftari la kliniki au rejista ya darasa, uchague kila mtu wa tatu au wa tano. Wanaofika kliniki kila mara ndio mara nyingi wenye wa kuwasindikiza. Wasiofika ndio unaowatafuta, na daftari lina majina yao.

Hatua ya sita: kuuliza

Swali la msaada wa kijamii ni swali kuhusu watu ambao pengine wamesimama hapo hapo. Nyumba ya chumba kimoja Mathare au Mukuru haina pembe ya siri. Mama mkwe amekaa kitandani, watoto wanaingia na kutoka, na wewe unamuuliza mke kama anaweza kuzungumzia shida zake na familia. Atasema 7.

Dawa rahisi niijuayo ni kadi. Chapisha kadi kubwa yenye namba 1 hadi 7 na maneno yake: 1 sikubali kabisa, 2 sikubali sana, 3 sikubali kiasi, 4 niko katikati, 5 nakubali kiasi, 6 nakubali sana, 7 nakubali kabisa. Mpe mhojiwa ile kadi pamoja na sentensi zilizochapishwa kwa herufi kubwa, naye ataje namba tu. Anayesikiliza kando atasikia "mbili", "sita", "mbili", asijue ni za nini. Kwa simu ni vivyo hivyo: swali unalisema wewe, jibu ni namba. Ila uliza kwanza kama simu iko kwenye spika.

Asiyesoma, muulize kwa hatua mbili. Kwanza: unakubali, hukubali, au uko katikati? Akisema nakubali, endelea: kiasi, sana, au kabisa? Namba saba zilizosomwa kwa mkupuo mmoja humchanganya mtu, akaishia kushika ya mwisho aliyoisikia.

Hospitalini, usimhoji mtu kabla hajamwona daktari. Akiwa bado kwenye foleni anahofia jina lake kuitwa akiwa kwako, na anaweza kuamini majibu yake yatamfikia daktari. Umhoji akishamaliza, kabla ya kwenda dirisha la dawa au baada yake. Usivae koti jeupe kama huhudumu pale.

Shuleni, mwalimu wa darasa atoke. Wanafunzi wakae kwa nafasi, kila mmoja ajaze yake, na karatasi zitumbukizwe kwenye sanduku lenye mwanya wala zisikusanywe na kiranja. Chuoni, epuka wiki ya mitihani na wiki ambazo pesa za HELB, mkopo wa serikali wa wanafunzi, zimechelewa, isipokuwa hizo ndizo unazotaka kuzisoma.

Kwa familia, mhoji kila mmoja peke yake, tena kwa wakati unaokaribiana ili wasisimuliane. Usiwakalishe pamoja ukaandika jibu moja la "familia". Baba wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuona wamezungukwa na watu, huku mama anayembeba mtoto huyo mgongoni kutoka Kawangware hadi kliniki akiona yuko peke yake. Pengo hilo kati yao ndilo tokeo lenyewe.

Kalenda nayo ina nguvu. Desemba watu wako ushago wamezungukwa na ukoo, na Januari wanahangaika na karo na kila simu ni ya kuomba au kuombwa. Ukipima mara ya kwanza Desemba na ya pili Machi, utapima likizo.

Hatua ya saba: kukokotoa

Katika MSPSS, sentensi za mtu wa pekee ni ya 1, 2, 5 na 10. Za familia ni 3, 4, 8 na 11. Za marafiki ni 6, 7, 9 na 12. Jumlisha kila kundi ugawanye kwa 4, kisha jumlisha zote ugawanye kwa 12. Wastani wa 1 hadi 2.9 ni msaada mdogo, 3 hadi 5 wa kati, 5.1 hadi 7 mkubwa.

Tazama mfano niliouunda. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakaa hosteli. Familia amejibu 6, 5, 6, 6, jumla 23, wastani 5.75. Marafiki 2, 3, 2, 2, jumla 9, wastani 2.25. Mtu wa pekee 4, 3, 4, 4, jumla 15, wastani 3.75. Zote kwa pamoja ni 47, wastani 3.92, yaani "wa kati". Ukiripoti hiyo 3.92 peke yake, mshauri wa wanafunzi atampita bila kumwona. Ukiripoti makundi matatu, anaona kijana ambaye nyumbani kwao wanampenda lakini hapa chuoni hana hata mtu wa kula naye chakula cha mchana. Hatua ya kuchukua inajionyesha: kikundi cha wenzake. Kumpigia simu mzazi hakutaziba pengo hilo.

Angalia pia mwanya uliomo kwenye ile mipaka. Jumla ya 35 ikigawanywa kwa 12 ni 2.92, na jumla ya 61 ni 5.08. Hizi hazimo katika daraja lolote. Kabla ya kufungua data, andika utaziweka wapi. Mimi huhesabu chini ya 3 kuwa msaada mdogo na zaidi ya 5 kuwa mkubwa. Na kila inapowezekana, tumia wastani wenyewe katika uchambuzi. Madaraja yabaki ya kuwaelezea watu tu.

Mtu akiacha sentensi moja katika kundi la sentensi nne, chukua wastani wa tatu zilizobaki. Akiacha mbili au zaidi, liache kundi hilo tupu.

Sentensi zote 12 zinasema mema, hakuna hata moja iliyogeuzwa. Mtu aliyekubali kila kitu kwa adabu atapata 7 tupu na hesabu haitamkamata. Kwa hiyo chunguza waliojibu namba moja kuanzia juu hadi chini, na kama ulitumia KoboToolbox, programu ya kukusanya majibu kwa simu au tableti, angalia muda waliotumia. Sentensi 12 zilizosomwa na kujibiwa ndani ya nusu dakika hazikusomwa. Usiwafute kimyakimya. Chambua ukiwa nao, kisha bila wao, uripoti yote mawili.

Kokotoa alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha sentensi za kundi zinavyokubaliana, kwa kila kundi. Katika utafiti wa 1988 ilikuwa 0.88 kwa kipimo chote. Yako ikishuka chini ya 0.70 kwenye kundi fulani, rudi kwenye tafsiri, maana mara nyingi kuna sentensi moja ambayo watu wameielewa vingine. Na kama umehoji watu kadhaa wa nyumba moja au darasa moja, mwambie mtakwimu wako mapema, kwa kuwa majibu yao yanafanana na hesabu ya kawaida itakuonyesha uhakika usiokuwepo.

Hatua ya nane: aliyekujibu namba moja kila mahali

Utamkuta. Mtu atasema 1, 1, 1, na kufika sentensi ya sita machozi yanamtoka. Kabla ya siku ya kwanza ya kazi, kila mhoji awe na karatasi ya mahali pa kumwelekeza: mshauri wa kituo hicho kwa cheo na chumba chake, mhudumu wa afya ya jamii wa eneo hilo, simu ya bure 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, na 116 kwa watoto. Hakikisha mwenyewe kwamba chumba hicho kina mtu siku za kazi yako. Ukiongeza hojaji ya huzuni kama PHQ-9, swali lake la tisa linagusa mawazo ya kujidhuru. Kila jibu lililozidi sifuri lishughulikiwe siku hiyo hiyo, kabla mtu hajaondoka, na msimamizi ajulishwe. Mhoji asimwahidi mtu kitu asichoweza kutimiza, na asimpe namba yake binafsi ya simu. Achukue dakika zake, anyamaze, asikilize, amsindikize hadi mlangoni pa mshauri.

Uchambuzi ukiisha, rudisha matokeo pale ulipoyatoa. Kwa kliniki, ukurasa mmoja unatosha: asilimia ngapi wana msaada mdogo wa familia, ngapi wa marafiki, ngapi wa mtu wa pekee, na nani hasa. Kama wagonjwa wengi wana familia lakini hawana marafiki, kikundi cha wagonjwa wenzao kinachokutana siku ya kliniki hakina gharama kubwa. Kama wengi hawana mtu wa pekee, ziara za wahudumu wa afya ya jamii ndizo za kupanga. Ukirudi kupima baada ya miezi sita, tumia maneno yale yale, kadi ile ile, chumba kile kile, na kama inawezekana wahoji wale wale.